Karatasi za Vita vya Usagara

Basi la Mbeya likiingia Hifadhi ya Mikumi, abiria huamka. Wenye simu huzitoa, watoto hupakatwa upande wa dirisha, na hata waliokuwa wakigombea nauli ya mizigo tangu Morogoro hunyamaza kidogo kutazama twiga. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Zambia imeipasua katikati, kwa hiyo kila aendaye kusini humwona tembo bila kulipa kiingilio. Mimi hushuka mbele kidogo, mjini Mikumi, penye malori na mahindi ya kuchoma, kisha hushika njia ya kaskazini iendayo Kilosa. Ninachokifuata huko ni karatasi.

Natafuta nyaraka za vita zenye saini, mhuri au alama ya mkono, zile zilizobaki majumbani: vyeti vya kuachishwa jeshi, barua za majumbe, stakabadhi za ng'ombe na nafaka zilizochukuliwa na majeshi, hati za wapagazi. Nchi hii ya Usagara, Ukaguru na Uvidunda imepitiwa na vita baada ya vita kwa muda usiozidi maisha ya mtu mmoja. Kuna vita vya pwani vya Abushiri, ambaye mwaka 1889 alifika na watu wake hadi Mpwapwa na kuishambulia ngome ya Wadachi, yaani Wajerumani. Kuna Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Kuna vita vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe, 1914 hadi 1918, vilivyopiganwa juu ya mashamba yetu. Kisha wajukuu wa watu hao wakapelekwa Burma na Madagaska. Kila vita viliacha karatasi, na karatasi hizo ziko katika matrunka, chini ya vitenge vya misiba na risiti za kodi ya kichwa.

Nikiipata karatasi naipiga picha mbele na nyuma, naandika maelezo ya mwenye nyumba kama alivyoyasema, kisha naikunja kama nilivyoikuta na kuirudisha. Siinunui. Sababu yake nitaieleza.

Mikumi nilikuwa nimeitwa na mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi katika reli ya Kilosa hadi Kidatu. Nilimkuta barazani amekwisha kunyoa na kuvaa koti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Kunywa chai kwanza, karatasi haikimbii."

Ilikuwa ndani ya bahasha ya khaki, na bahasha ndani ya mfuko wa rambo, na mfuko ndani ya sanduku la bati. Cheti cha King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, cha mwaka 1946. Namba ya askari, kabila, kikosi, miaka ya utumishi, tabia. Chini kabisa pana saini ya ofisa wa Kizungu, ya wino, imeandikwa kwa haraka hata haisomeki. Pembeni yake, wazi kabisa, lipo dole gumba la baba yake mzee yule.

Nilikaa na dole lile kwa muda mrefu. Mtu anayetafuta nyaraka hizi hujifunza kutazama alama kabla ya maneno. Saini ya ofisa hutolewa kwa mamia kwa siku, na mara nyingine ni mhuri wa mpira tu uliochongwa kwa mfano wa saini. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha utaona kama kalamu imeikwaruza au haikuikwaruza. Dole gumba haliwezi kuwa la mtu mwingine. Lina mistari, lina kovu la panga, lina mahali wino ulipozidi kwa sababu mkono ulishikwa na kukandamizwa na karani. Mzee aliweka dole lake juu ya lile la baba yake, bila kuligusa, akapima.

"Baba hakujua kusoma," alisema. "Lakini hii alijua ni yake. Moto ulipounguza jikoni, alitoka na hii na mama."

Nilimwomba jambo moja tu: aitoe kwenye mfuko wa nailoni. Watu wengi huamini kuwa nailoni inalinda, kumbe hufungia unyevu ndani, na joto la Mikumi humalizia kazi. Wengine, kwa mapenzi mema, hupeleka cheti kwenye duka la steshenari kikafunikwe kwa plastiki ya moto. Hapo karatasi imezikwa. Haitatoka tena bila kuchanika. Bahasha ya karatasi safi, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni ili mchwa wasilifikie, yatosha.

Nilipouliza habari za babu yake, aliyekuwa askari wa Wadachi, alinyoosha mikono mitupu. Ile ya babu ilikuwapo. Ilichukuliwa.

Kuhusu karatasi za askari wa Wadachi kuna kisa ambacho kila mtu wa kazi hii anapaswa kukijua. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia. Hakuwa na fedha za kuwalipa askari wake, akawapa vyeti vya kuonyesha wanachodai. Miaka ikapita, utawala ukabadilika, uhuru ukaja. Mwaka 1964, mwaka aliokufa jenerali huyo, bunge la Ujerumani Magharibi likaidhinisha malipo kwa askari waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza, wakajitokeza wazee wapatao 350, na wachache tu kati yao walikuwa bado na vyeti vyao. Wengine walileta vipande vya sare. Wengine hawakuwa na kitu. Basi mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Husemwa kwamba hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kusifu utii wa askari. Mimi hunichoma kwa upande mwingine. Watu wazima, wenye wajukuu, walisimamishwa na fagio mabegani kwa kuwa karatasi zao zilikuwa zimepotea, na karatasi zilipotea kwa kuwa kwa miaka zaidi ya arobaini hakuna aliyewaambia kuwa zina thamani. Wapagazi walikuwa na hali mbaya zaidi. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko risasi, na sehemu ya ujira wao haikuwahi kufika kwa warithi, kwa sababu majina yaliandikwa vibaya au hayakuandikwa kabisa. Mpagazi hakupewa hata karatasi ya kupoteza.

Nchi nyingine zimefanyaje? Mwezi Juni 1783, vita vya uhuru wa Marekani vikiwa vinakwisha, George Washington alitia saini kwa mkono wake vyeti vya kuwaachisha askari wake wa kawaida. Askari hao nao walikuwa hawajalipwa. Walipewa hati za madai, na wengi wakaziuza kwa bei ya kutupa kwa walanguzi ili wapate nauli na chakula. Leo cheti kimoja cha namna ile huuzwa maelfu ya dola kwa sababu ya saini ya jenerali. Jina la askari aliyeachishwa, lililoandikwa katikati ya karatasi ileile, halimwongezei mnunuzi hamu hata kidogo.

Soko hilo limefika kwetu. Wapo wanunuzi wa mambo ya Afrika Mashariki ya Kijerumani: medali, noti za muda zilizochapwa humu nchini baada ya meli za Waingereza kuziba pwani, stempu. Stempu zilizochapwa mwaka 1916 kwenye mtambo wa misheni ya Vuga, Usambara, hazikupata hata kutumika. Zilizikwa ardhini Morogoro Wadachi walipokuwa wakirudi nyuma, zikafukuliwa baada ya vita na kupelekwa kuuzwa Berlin, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu. Leo wakusanyaji wanazigombea. Nakumbuka hilo kila mtu anaponiuliza kwa nini nasumbuka na karatasi kuukuu.

Mzee wa Mikumi alieleza namna karatasi ya babu ilivyoondoka. Alikuja kijana wa mjini, mwenye adabu, akasema anatafuta "mali za kale". Alitoa fedha ambazo wakati ule zilitosha mbolea ya msimu. Karatasi ikaenda. Familia haina hata nakala. Hajui ilikuwa na tarehe gani, hajui ilisainiwa na nani, na sasa wajukuu wanapouliza babu alipigana wapi, hana cha kuonyesha isipokuwa hadithi mbili ambazo zenyewe zinapingana. Ndiyo maana sinunui. Fedha yangu ingefanya kazi ileile ya fedha ya yule kijana.

Njia ya Mikumi kwenda Kilosa inapita Ulaya, kijiji kilichokaa hapo na jina lake bila kujali wageni wanaocheka. Baadaye Zombo, mashamba ya mpunga na mahindi, kisha milima inasogea upande wa kushoto. Mwezi Agosti 1916 njia hii ilikuwa imejaa watu wanaokimbia na watu wanaofukuza. Kilosa ilitwaliwa na majeshi ya Jenerali van Deventer, Waafrika Kusini wengi wao, tarehe 22 Agosti. Siku nne baadaye Jenerali Smuts, kamanda mkuu wa majeshi ya Waingereza, akaingia Morogoro. Kutoka Kilosa van Deventer alishuka kusini hadi Kidodi, akiwasukuma Wadachi kuelekea Ruaha. Vitabu vya vita hivyo vina ramani nzuri zenye mishale. Havisemi mahindi ya nani yaliliwa.

Kilosa ni mji wa reli. Reli ya Kati ilipita hapa kabla ya kufika Dodoma mwaka 1910, na sasa kuna reli nyingine mpya ya kisasa iliyotobolewa milimani, treni za umeme zinakwenda Dodoma tangu mwaka 2024. Kati ya reli ya zamani na mpya upo mto Mkondoa, na nisingependa kuandika habari za nyaraka za Kilosa bila kuutaja. Desemba 2009 na Januari 2010 mto huo ulivunja kingo zake, ukaingia mjini, ukang'oa reli na kuwaacha maelfu bila makazi. Kila nyumba niliyoingia mitaa ya bondeni imenihesabia vilivyopotea: vitanda, kuku, mashine ya kushonea, halafu, baada ya kutulia, "na yale makaratasi ya marehemu".

Bibi mmoja aliokoa moja. Mwanawe aliipandisha darini pamoja na Msahafu. Ni barua fupi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kwa vile maji yaliifikia kidogo, maandishi yamegeuka zambarau. Hilo lilinifurahisha kuliko bibi alivyotarajia. Wakati wa vita ile kulikuwa na penseli ya namna yake, ikikauka inaonekana kijivu kama penseli yoyote, ikiguswa na maji inageuka wino wa zambarau usiofutika. Makarani na maofisa waliipenda kwa sababu haihitaji kidau. Mafuriko ya karne nyingine yameithibitisha penseli yenyewe.

Tuliisoma pamoja, yeye akiyatamka maneno na mimi nikiandika, maana aliyesoma chuoni utotoni hasahau herufi. Jumbe anamwandikia jumbe mwenziwe. Anaanza kwa salamu ndefu, anauliza hali, anashukuru Mungu. Kisha anasema bomani wanataka watu wa mizigo, na kwamba kwake waliobaki ni wazee na wagonjwa. Amsaidie vijana wachache kabla ya Ijumaa, vinginevyo atafungwa yeye. Mwaka aliouandika ni 1334 wa Hijra, yaani kati ya Novemba 1915 na Oktoba 1916. Saini yake ni jina lake na la baba yake, limezungushiwa mkia wa herufi ya mwisho kwa ustadi wa mtu aliyezoea kuandika.

"Walipatikana hao vijana?" nilimuuliza bibi.

"Babu yangu alikuwa mmojawapo," alisema. "Ndiyo maana barua ilikaa kwetu. Aliichukua yeye aliporudi. Alisema hii ndiyo iliyonipeleka, basi nakaa nayo mimi."

Katika kumbukumbu za majeshi, wapagazi ni takwimu. Hapa pana jumbe anayebembeleza, anayeogopa, anayewauza watoto wa wenzake ili asifungwe, na anafanya hayo kwa Kiswahili fasaha na kwa adabu zote. Karatasi hii haina jenerali. Ningeiweka mbele ya saini yoyote ya Lettow-Vorbeck.

Watu husema kwamba Waafrika wa wakati ule hawakuandika, ndiyo maana historia ya vita vyetu imo mikononi mwa maofisa wa Kijerumani. Si kweli. Pwani na kandokando ya njia za misafara watu waliandika barua kila siku. Carl Büttner alichapisha Berlin, mwaka 1892, mkusanyo mzima wa maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya Wadachi walivyoitamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga juu ya Maji Maji. Na ipo barua ya Machemba.

Machemba alikuwa mkuu wa Wayao kusini, huko nyanda za Makonde. Mwaka 1890 alijibu wito wa Hermann von Wissmann, kamishna wa Wadachi, kwa barua ya Kiswahili. Alimweleza kwamba ameyasikia maneno yake ila haoni sababu ya kumtii. Kama ni urafiki, yuko tayari, leo na siku zote. Kuwa chini yake, hapana, heri kufa. Na kama Wissmann anajiona ana nguvu, basi aje amchukue. Aliendelea kuwasumbua Wadachi hadi mwaka 1899 alipovuka kwenda upande wa Msumbiji. Nikiulizwa ni hati gani moja ya vita ningetaka kila mtoto wa Tanzania aione kwa macho, nitaitaja hiyo. Ni kauli ya kivita, ina mwenyewe, ina anayepelekewa, na imeandikwa kwa lugha ambayo mtoto huyo anaisoma bila mkalimani.

Maji Maji imetuachia karatasi chache za upande wetu. Moto uliowashwa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, Julai 1905, ulifika hadi huku Uvidunda na Usagara. Wadachi walijibu kwa kuchoma vijiji na ghala, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Wao walikiri vifo 75,000, wanahistoria wengine wanataja hadi 300,000. Katika nchi iliyochomwa nyumba, karatasi ingesalimikia wapi? Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado wanakumbuka, na kazi ile, iliyoongozwa na wanahistoria akina Gwassa na Iliffe, iliokoa mengi. Wazee wale sasa hawapo. Tulichobaki nacho ni matrunka.

Kutoka Kilosa nilipanda Noah ya Dumila, njia ya Rudewa, nikashuka Msowero. Safari yote ilikuwa ikielekea hapa.

Kila Mtanzania aliyesoma shule analijua jina la Mangungo. Bungeni, vijiweni, magazetini, mkataba mbaya wa madini au wa bandari unaitwa mkataba wa Mangungo, na watu wanaelewana. Mkataba wenyewe ulifanyika hapa tarehe 29 Novemba 1884. Mjerumani Carl Peters alikuwa amevuka kutoka Unguja hadi Saadani siku kumi na tisa kabla, na wenziwe watatu, Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto. Walikwenda mbio kutoka kijiji hadi kijiji, Useguha, Nguru, Usagara, Ukami. Walitoa zawadi na vinywaji, wakapandisha bendera, wakasoma Kijerumani kwa sauti, wakapiga bunduki hewani. Karatasi ya Msowero inasema kwamba "Sultani" Mangungo anampa Peters, kwa niaba ya chama chake cha ukoloni, nchi yake yote na kila kilichomo, milele, na kwamba Peters naye ataikumbuka Msowero atakapoanza kuleta walowezi. Mkalimani ni Ramazani. Wazungu wameandika majina yao. Mangungo ameandikiwa alama.

Nimeitazama alama hiyo katika picha kwa namna nilivyolitazama dole gumba la Mikumi, na hapa ndipo ninapotaka nisikike. Msalaba wa kalamu hauna mwandiko. Hauwezi kulinganishwa na kitu kingine chochote alichowahi kuandika mtu huyo, kwa kuwa hakuna. Yeyote aliyekuwapo angeweza kuuchora. Unathibitishwa na mashahidi tu, na mashahidi wote wenye kalamu walikuwa wa upande mmoja. Hati ya namna hiyo, ingeletwa mbele yangu na mwenye shamba anayedai mpaka, ningemwambia atafute ushahidi mwingine. Lakini Berlin hawakutafuta. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano wa kugawana Afrika kufungwa, Kaizari alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi zilizotajwa katika karatasi za Peters, kilomita za mraba zipatazo 140,000. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipopinga, alijibiwa kwa manowari. Peters mwenyewe alifukuzwa utumishi mwaka 1897 kwa ukatili wake Kilimanjaro. Karatasi zake hazikufutwa pamoja naye.

Nilikutana na wazee chini ya kibaraza cha duka, na vijana wa bodaboda wakasogea. Nilikuwa na tafsiri ya Kiswahili ya mkataba, nikaisoma yote, pamoja na tarehe na majina. Wengi walikuwa wanausikia kwa mara ya kwanza, ingawa wamesikia jina la Mangungo likitukanwa maisha yao yote. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akichambua choroko, alinisimamisha nilipofika penye neno la nchi yote.

"Rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia.

"Angeitoaje? Ardhi huku ni ya ukoo, na ukoo tunauhesabu kwa mama. Mwanamume anakaa juu yake, analima, anasuluhisha watu. Hata akitaka kumpa rafiki yake shamba moja, wajomba wataulizwa. Huyo Mzungu aliwauliza wajomba?"

Nimesoma kurasa nyingi juu ya mikataba ya Peters, za wanasheria na wanahistoria, na pingamizi hilo ndilo lenye uzito kuliko yote: mtu hatoi kisicho chake, hata akichora msalaba kwa mkono wake mwenyewe na akili zake timamu. Koo za Wasagara, Wakaguru, Waluguru na Wavidunda zote zilirithi ardhi upande wa mama. Peters alihitaji sultani mwenye nchi, akamwandika. Na sisi tumeendelea kumwadhibu Mangungo kwa cheo alichopewa na mgeni katika karatasi ambayo hakuweza kuisoma. Nadhani tumwache sasa. Kama jina la mtu lazima litumike kwa mikataba ya hila, karatasi ile ina majina mengine manne, yote yameandikwa vizuri na yanasomeka.

Kijana mmoja wa bodaboda aliuliza karatasi yenyewe iko wapi. Nikamwambia kwamba kumbukumbu za Ofisi ya Makoloni ya Ujerumani zinatunzwa Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani huko Berlin, na kwamba majalada yake yamepigwa picha, mtu anaweza kuyatafuta kwa intaneti bila malipo. Kwetu, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo Upanga, Dar es Salaam, na ina majalada ya Wadachi pia. Sheria ya mwaka 2002 inampa mwananchi haki ya kuyaona yakishapita umri wa miaka 30. Alishika simu yake papo hapo. Mtandao ulikuwa hafifu, akapanda juu ya gogo.

Yule mama alitaka zaidi ya picha ya simu. Alitaka nakala ya karatasi, kubwa, yenye tafsiri chini yake, ibandikwe shuleni ambako watoto wanafundishwa kwamba babu yao alikuwa mjinga. Mwalimu mmoja aliyekuwapo akasema shule itaweka fremu. Basi tukaanza kuiandika barua ya maombi. Mzozo ukatokea juu ya nani ataisaini: mwenyekiti wa kijiji peke yake, kama kawaida ya barua za ofisi, au wote. Mama akasema wote, na wanawake watangulie, kwa sababu alizokwisha kuzitaja. Wawili hawakujua kuandika. Mwalimu alitaka kuwawekea alama ya msalaba, nikamwomba tutafute kidau cha wino cha ofisi ya kijiji. Wakaweka dole gumba, la kushoto, na pembeni yake majina matatu matatu, na jina la ukoo wa mama.

Barua ilikwenda na basi la asubuhi. Picha yake ninayo, na wazee wa Msowero wamekubali nirudi baada ya mavuno. Kijana wa bodaboda amekwisha orodhesha nyumba zenye vyeti vya KAR, na moja anayosema ina kitu cha zamani zaidi, kimeandikwa Kiarabu, ambacho mwenyewe hajawahi kukifungua.